Kwa Shangazi: Nimeambiwa niandike “wanachama waliafiki”

Shangazi, salaam.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, naishi Busia upande wa Uganda na nauza vitambaa sokoni. Najua wengi wanakuandikia mambo ya waume na mawifi. Langu ni la kaunta buku, lakini linaninyima usingizi sawasawa na hayo.

Mtaani kwetu tuna chama cha wakazi. Tulikianzisha 2019, baada ya nyumba nne kuvunjwa na wezi ndani ya mwezi mmoja. Mji wa mpakani unaujua: malori yamepanga foleni usiku kucha, watu wa magendo wanapita vichochoroni, na anayekuibia saa nane, saa tisa ameshavuka. Tukakubaliana kila nyumba itoe shilingi 10,000 kwa mwezi, tuajiri askari wawili wa usiku. Nyumba ziko 46, ila zinazolipa bila kukosa ni kama 35. Kila askari anapata 120,000. Kinachobaki kinawekwa kwa ajili ya taa, mtaro na misiba.

Mwenyekiti wetu ni mzee mstaafu. Baba yangu alipofariki nikiwa sinia ya pili, yaani kidato cha pili, mzee huyu ndiye aliyenilipia karo mpaka nikamaliza sinia ya nne. Hakuwa ndugu, alikuwa rafiki wa baba tu. Hata ukatibu huu, yeye ndiye aliyesimama mkutanoni akasema, “Huyu binti ana mwandiko mzuri na hapendi maneno.” Mpaka leo namwita Baba.

Kamati ni watu saba. Tunakutana sebuleni kwake, mlango umefungwa, tunakunywa chai na mandazi. Mkutano mkuu ni mara moja kwa mwaka, mwezi wa Desemba, chini ya mwembe. Mweka hazina anasimama anasoma mistari mitatu: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Watu wanapiga makofi, soda zinagawanywa, na kila mtu anakwenda zake. Sijawahi kusikia swali.

Mwezi wa Machi mwaka huu kamati ilinunua taa sita za sola kwa shilingi 2,400,000. Taa zipo na zinawaka. Mimi mwenyewe narudi usiku siogopi tena. Lakini zilinunuliwa katika duka la shemeji yake mwenyekiti, na sisi wajumbe tuliambiwa zikiwa tayari zimelipiwa. Halafu mwezi uliopita nilikwenda Mbale kuchukua mzigo, nikaona dukani taa zinazofanana na zetu, moja 260,000. Zetu zimetugharimu 400,000 kila moja. Kwenye matatu nikirudi nilipiga hesabu kwenye kiganja: tofauti ni 840,000.

Sasa sikiliza, Shangazi. Wiki mbili zilizopita mzee aliniita kwake, peke yangu. Akasema, “Mwanangu, ile habari ya taa haijakaa vizuri kwenye kitabu. Pale kwenye mkutano mkuu wa Desemba iliyopita, andika tu kwamba wanachama waliafiki.” Katika mkutano ule taa hazikutajwa hata mara moja. Lakini nafasi ipo. Chini ya “Mengineyo” niliacha mistari miwili mitupu, kwa sababu mvua ilianza kunyesha nikafunga kitabu haraka. Kalamu ni ileile ya bluu. Nikiandika leo, hakuna atakayejua. Mara tatu nimekifungua kile kitabu usiku watoto wakiwa wamelala, na mara tatu nimekifunga.

Kuna mambo mengine sina budi kukuambia, usije ukaniona msafi kuliko nilivyo.

Katika mkutano huohuo wa Desemba kijana mmoja jirani aliurekodi kwa simu na kuutuma kwenye kundi letu la WhatsApp. Kamati ikakaa, ikapitisha kwamba kurekodi ni marufuku, na kijana akaondolewa kwenye kundi. Mimi nilinyoosha mkono kuunga mkono. Uamuzi ule niliuandika mimi.

Niliunga mkono kwa sababu ndani ya rekodi hiyo kulikuwa na orodha ya wadaiwa ikisomwa kwa majina, na jina la mjane mmoja lilikuwamo, anadaiwa miezi tisa. Rekodi ilizunguka mpaka sokoni. Watoto walikuwa wakimwona wanaimba “miezi tisa, miezi tisa.” Sasa anapita njia ya nyuma. Kwa hiyo watu wanaposema kila kitu kiwekwe wazi, mimi namkumbuka yeye, nashindwa kuitikia.

Na mimi pia. Mwaka 2023 mwanangu alipolazwa, kamati ilinisamehe michango ya miezi mitatu. Haikuandikwa popote, wala haikusomwa chini ya mwembe.

Mwalimu mmoja mtaani anasema ipo sheria ya 2005 inayompa kila Mganda haki ya habari, tuandike barua tuwape kamati siku 21. Wengine wanasema twende kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, lakini yeye ni mjumbe wa kamati hiyohiyo. Mume wangu anasema nijiuzulu kimya, niseme biashara imenizidi.

Mkutano mkuu umebakiza wiki sita. Niandike? Nisimame nisome kitabu chote mbele ya watu? Nijiuzulu? Na nikifanya lolote kati ya hayo, nitamtazamaje yule mzee?

Mwenye kalamu, Busia

*

Mwenye kalamu, mwanangu,

Asante kwa kuniandikia. Huku kwetu shangazi huitwa kumfunda binti kabla ya harusi, na barua nyingi zinazonifikia ni za mambo hayo. Yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na karatasi pembeni, nikiandika upande mmoja yale unayoyajua na upande wa pili yale unayoyashuku. Naomba nianze hapo, kwa sababu katika barua yako yamechanganyika, na nadhani ndiyo maana usiku hauishi.

Unalolijua ni hili: taa hazikujadiliwa katika mkutano wa Desemba. Ulikuwapo, kalamu ilikuwa mkononi mwako. Unajua pia kwamba zilinunuliwa kwa shemeji na wajumbe mkaambiwa baadaye. Unaloshuku ni kwamba pesa zimeliwa. Hilo la mwisho bado hulijui. Taa uliyoiona Mbale ilikuwa taa tupu, au na nguzo yake? Betri ni ya ukubwa uleule? Zile sita za mtaani kwenu, nani alichimba mashimo, nani alimwaga saruji, fundi alilipwa kutoka mfuko gani, usafiri je? Inawezekana ukiyajumlisha hayo, ile 840,000 ikayeyuka yote. Inawezekana pia ikabaki vilevile. Mimi sijui, na wewe hujui, na risiti ambayo ingetuambia hukuitaja kabisa katika barua yako. Ipo? Umewahi kuiona? Kabla ya kuitamka hesabu hiyo mbele ya mtu yeyote, tafadhali ilinganishe taa kwa taa. Neno “mwizi” likishatajwa chini ya mwembe, hata ukija kuthibitisha kwamba ulikosea, majirani watabaki nalo.

Hata hivyo sitaki uone kwamba natetea ununuzi ule. Hata bei ikiwa sahihi mpaka shilingi ya mwisho, mwenyekiti aliyenunua kwa shemeji yake bila kusema “jamani, duka hili ni la shemeji yangu, leteni bei ya duka jingine tulinganishe” amewanyima wenzake kitu. Sentensi hiyo moja ingemlinda yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Nakuambia hivi kwa uchungu, kwa sababu nimeona vikundi vizuri vikivunjika bila mtu kuiba hata senti. Vilivunjika kwa sababu mtu mwaminifu alizoea kuamua peke yake, na siku moja akaulizwa swali la kawaida akaliona ni tusi.

Sasa ule mstari.

Unauona kama fadhila ndogo kwa mtu aliyekufadhili. Naomba uutazame kwa upande mwingine. Miaka mitatu ijayo betri zitakapokufa na wakazi wapya wakauliza nani aliamua, kitabu ndicho kitakachojibu, na kitajibu kwa mwandiko wako. Mzee atakuwa hakuandika kitu. Isitoshe, maneno “wanachama waliafiki” yanawahusu watu arobaini na kitu, akiwamo yule mjane wa njia ya nyuma. Yanasema walifikiri, wakakubali. Wao hawakupewa hata nafasi ya kukataa. Sidhani mzee aliliona hivyo aliponena nawe. Pengine aliona pengo kwenye karatasi, akataka lizibwe kabla ya Desemba.

Na pengo hilo linaweza kuzibwa kwa kweli. Hakuna kinachozuia kamati kufika mkutanoni na kusema: mwezi wa Machi tulinunua taa sita kwa 2,400,000 bila kuwauliza, risiti ni hii, duka ni la fulani, tunaomba mtupitishie au mtuambie la kufanya. Kisha wewe unaandika hivyohivyo, na tarehe ya siku hiyo. Hatari zake zipo. Wanachama wanaweza kukataa, na hapo kamati itajikuta mahali pagumu. Au wanaweza kupiga makofi kama kawaida yao, soda zikagawanywa, na wewe ukarudi nyumbani ukijiuliza kama umefanya kitu. Lakini mzee atakuwa amefunguliwa mlango wa kutokea akiwa amesimama wima.

Nije kwenye makofi hayo. Nimehisi katika barua yako kwamba unawaona majirani zako kama watu wasiojali, au wasioelewa hesabu. Je, ni kweli? Nina hakika kina mama wengi wa mtaa wako wamo katika vikundi vya akiba vya sanduku. Mpango huo shirika la misaada la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991, na leo Uganda yetu imejaa masanduku hayo. Unajua yanavyofunguliwa: kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, wote wamekaa duara, pesa zinahesabiwa juu ya kitambaa mbele ya macho ya kila mtu. Mwisho wa kikao kiasi kilichobaki kinatajwa kwa sauti na wote wanakikariri. Kikao kinachofuata, kabla kufuli hazijafunguliwa, wanaulizwa: tuliacha ngapi? Bibi asiyejua kusoma anataja namba bila kukosea. Mama huyohuyo ndiye anayepiga makofi chini ya mwembe wenu mwezi wa Desemba! Kwenye sanduku anaona kwa macho na ana kazi ya kufanya. Kwenu anasomewa mistari mitatu, mara moja kwa mwaka, na anayesoma anakaa chini kabla mtu hajapata la kuuliza. Nadhani makofi yale ni adabu tu.

Ndiyo maana naona labda umejipa mzigo mkubwa mno unapowaza kusimama na kusoma kitabu chote. Ukifanya hivyo bila kamati kujua, siku hiyo itakuwa ya kushtukiza. Wenye hasira zao za zamani watapata kuni, wengine watamzunguka mzee kumlinda, na hesabu zenyewe hakuna atakayezisikiliza. Na kwenu hapo chama kikipasuka, michango ikasimama, askari nao wataondoka. Hilo lipime, maana kilichowakutanisha 2019 hakijaondoka mpakani. Kwa upande mwingine, ukimya nao una gharama, na unaijua. Kati ya hayo mawili kuna mambo madogo yanayoweza kupendekezwa na katibu yeyote bila kumshtaki mtu: salio litajwe kwa sauti mwanzo na mwisho, risiti zibandikwe siku hiyo pale kwenye mwembe, hesabu zigawiwe wiki moja kabla, nusu saa iachwe kwa maswali kabla ya soda. Mambo hayo si mageni nchini. Mwaka 2009 serikali ilipotaka maafisa wasimame mbele ya wananchi waeleze walipokea pesa ngapi na zimefanya nini, mikutano hiyo iliitwa baraza. Neno letu hilohilo, lilichukuliwa kama lilivyo.

Sasa yule mjane. Nashukuru kwamba hukumsahau, kwa sababu bila yeye ningekujibu kirahisi.

Uwazi una makali yake. Unakumbuka uchaguzi wa LC1 tarehe 10 Julai 2018? Ulikuwa wa kwanza tangu 2001, na watu walipanga mstari nyuma ya mgombea wao. Kuiba kura pale kulikuwa kugumu zaidi, kila mtu alihesabu kwa macho. Lakini pia kila mtu alimwona mwenye nyumba wake, mdai wake, shemeji yake, wamesimama wapi, na nao wakamwona yeye. Wapo waliokwenda kwenye mstari ambao moyo haukuwa. Kwa hiyo mkifika Desemba na suala la taa likahitaji kura, fikirini kama mtainyoosha mikono mbele ya mzee au mtatumia vikaratasi. Uwazi wa hesabu ya kura hautaki lazima uwazi wa nani alipiga wapi.

Rekodi ya yule kijana ilibeba vitu viwili kwa pamoja: kamati ikitoa hesabu, na aibu ya mama mmoja. La kwanza lilikuwa halali ya kila mwanachama. La pili, hata kulisoma kwa majina chini ya mwembe sioni lilisaidia nini, na hapo kosa lilianza kabla simu haijawashwa. Uganda tuna sheria ya 2019 ya kulinda taarifa za watu, kwa hiyo kusambaza mambo ya mtu kwa simu kunaweza kumfikisha kijana mahakamani. Lakini kamati yenu ilifanya nini? Ilipiga marufuku simu, ikamfukuza kijana, na kuhusu mjane haikusema kitu. Au ilisema? Kuna aliyekwenda kwake? Nauliza kwa sababu wewe ulisamehewa miezi mitatu nyuma ya mlango uliofungwa, na yeye alisomwa tisa hadharani. Sikusemi vibaya. Mtoto alikuwa hospitali, na kamati ilifanya utu. Ila huenda usingizi unakosekana kwa sababu hiyo pia, na taa peke yake zisingetosha kukukosesha. Ungeweza kupendekeza kwamba msamaha uwe na utaratibu wake: chama kijue ni nyumba ngapi zimesamehewa na kwa kiasi gani, bila majina. Hapo utahitaji ujasiri wa kusema kwamba moja kati ya hizo ilikuwa yako, au uchague kutosema. Kusema kutakupa nguvu. Kunaweza pia kumpa mtu fimbo ya kukupigia. Unawajua majirani zako kuliko mimi.

Kuhusu mwalimu, nia yake ni njema lakini ameshika ufunguo wa mlango mwingine. Ibara ya 41 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2005, pamoja na hizo siku 21, zinahusu habari zilizo mikononi mwa serikali na vyombo vyake. Chama cha wakazi mnachochangia wenyewe hakimo. LC1 ni jambo jingine. Pale baraza la kijiji ni kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi, na kamati yake ya watu kumi inawajibika kwenu nyote. Katika chama chenu sheria ya kwanza ni katiba yenu. Mnayo? Inasemaje juu ya matumizi makubwa, nani anapitisha, nani anakaa na kitabu? Kama mmejisajili wilayani, nakala iko kwa ofisi ya maendeleo ya jamii, na afisa wa huko anaweza kuombwa aje Desemba kama mgeni wa kusikiliza, kabla ya kupelekewa malalamiko. Kumbuka tu kwamba jambo likishatoka mtaani na kupigwa muhuri, si lenu tena. Litakwenda kwa mwendo wake, na mzee anaweza kuitwa ofisini kabla hajaulizwa hata na wewe. Kumpelekea mwenyekiti wa LC1 ambaye alikuwa na kikombe cha chai sebuleni siku mlipoambiwa habari ya taa, ni kumtaka ajiamulie mwenyewe. Anaweza kuwa mtu mwadilifu na bado asiweze.

Mume wako naye nisimpite. Kujiuzulu si woga, na anayesema hivyo anakuona unavyogeuka usiku. Unaruhusiwa kuchoka. Ninachokuomba ufikirie ni nani atakabidhiwa kitabu baada yako, na ataambiwa nini kuhusu mistari miwili iliyo chini ya “Mengineyo.”

Nimeuacha mwisho ule uzito mkubwa zaidi. Mzee.

Karo ile ni deni la kweli, na sitakuambia ulisahau. Kumwita Baba ni haki yenu wawili. Lakini katika barua yako yote sikuona mahali ambapo amewahi kukudai. Siku ile alipokuita peke yako, unasikia kwamba alikuwa anakudai sasa. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba ni mtu mzima aliyegundua amefanya jambo bila utaratibu, Desemba inakaribia, ameogopa, na akamwita mtu pekee katika kamati anayemwamini. Maneno yanaweza kuwa yaleyale, ila ukimwendea kama mdai utaongea kwa namna moja, na ukimwendea kama mzee aliyeogopa utaongea kwa namna nyingine.

Ukichagua kumwendea, kama ningekuwa wewe nisingengoja siku ya kikao. Ningekwenda jioni ya kawaida, na kitabu mkononi, simu nimeiacha nyumbani. Ningemwambia, “Baba, ule mstari nimeshindwa kuuandika, maana siku ile hatukuyasema hayo. Lakini sitaki uaibike mbele ya watu. Tutafute namna ya kuyasema Desemba, mimi nitakuwa pale.” Kisha ningenyamaza, nimwachie muda. Anaweza kukasirika. Anaweza kukuomba kitabu kibaki kwake, na hapo ujue utajibu nini kabla hujafika. Kwa sababu hiyo, kabla ya kutoka nyumbani ningepiga picha kurasa za mwaka mzima nikazihifadhi. Sioni hilo kama usaliti, kwa sababu kitabu ni cha chama, na karatasi huchanika. Lakini ukihisi ndani yako kwamba kufanya hivyo ni kumtegea, mwambie waziwazi kwamba unazo picha. Na anaweza pia kukushangaza. Anaweza kutoa risiti kwenye kabati, akaiweka mezani, mkaisoma pamoja.

Sina uamuzi wa kukupa kati ya hayo yote, mwanangu. Una wiki sita, na hulazimiki kuchagua leo. Lipo dogo moja ambalo makatibu wa zamani walikuwa wakilifanya kila mwisho wa kikao, na unaweza kulifanya hata usiku wa leo kama mkono utakubali: pale penye mistari miwili mitupu, unapiga mstari wa mshazari kutoka kona hadi kona, unaandika tarehe ya leo pembeni, na unatia saini yako.

Niandikie baada ya Desemba. Na nisalimie yule mama wa njia ya nyuma, ikiwa utapita kwake.

Shangazi